Mbwa Aliyekuwa na Majina Mengi

Hadithi iko mlangoni.

Ipishe iingie.

Ina vumbi miguuni.

Iingie hivyo hivyo.

Basi hapo zamani, zamani sana, watu na wanyama walipokuwa wakisemezana bila shida, kulikuwa na boma moja chini ya kilima. Siku hiyo ninayoisema walikuwapo hawa: Mashauri mwenye boma, Nyamizi mkewe, Kuku na vifaranga vyake, mbuzi wakicheua, na mbwa mdogo mwenye sikio moja lililosimama na jingine lililolala. Nyuma ya uzio wa minyaa alikuwapo jirani yao Kabula, anatwanga. Na juu kilimani, nyuma ya jiwe, alikuwapo Fisi. Huyo hakualikwa, lakini alikuwapo.

Watu wa pale walikuwa na desturi yao. Ukigombana na jirani, humfuati mlangoni. Unampa mbwa wako jina lenye maneno yako, halafu unamwita kwa sauti kubwa. Jirani anasikia, na wewe hujasema naye.

Mashauri aliipenda sana desturi hiyo.

Alipoezeka nyumba, Kabula alisema paa limekaa upande kama kofia ya mlevi. Mbwa akaitwa Mtasema. Mashauri akasimama karibu na uzio, akaita, "Mtasema, njoo. Mtasemaaa." Kabula akacheka. Mbwa akabaki amelala.

Kisha Kabula akaazima jembe, akakaa nalo. Mbwa akaitwa Rudisha Jembe. Mashauri akaita asubuhi, akaita mchana, akaita jioni. Mbwa hakuja. Jembe lilikuja.

Kisha mbuzi wa Kabula wakala kunde za Mashauri. Mbwa akaitwa Tumewazoea.

Siku hiyo basi, Mashauri aliita, "Tumewazoea, njoo hapa." Mbwa akatazama uzio. Akaita tena. Mbwa akajikuna. Akaita mara ya tatu, na mbwa, kwa sababu alikuwa na moyo mwema na alitaka tu kuona kelele ni za nini, akaja anatingisha mkia. Mashauri akavua ndara, akamchapa.

"Huyu hafundishiki," akasema. "Nilimleta alinde mbuzi, naye haitiki hata nikimwita. Siku ya mwezi mwandamo, kama bado hasikii, nampeleka nyuma ya kilima namwacha huko."

Nyuma ya jiwe, Fisi akajilamba midomo.

Nyamizi aliinamia sufuria. Alimega ukoko wa ugali, akauweka chini karibu na pua ya mbwa, akaendelea na kazi zake.

Lakini Kuku alisikia. Na Kuku alikuwa na deni la wema kwa mbwa yule. Mvua kubwa iliponyesha, banda likavuja, na mbwa mdogo alijikunja akaviacha vifaranga vilale ubavuni mwake mpaka kukakauka. Hata kimoja kilipomdonoa sikio lile lililolala, alivumilia.

Kuku akamwendea Mashauri. "Bwana Mashauri, nina neno."

"Kuku ananifundisha mimi?"

"Asubuhi unakula mayai yangu bila shida. Ushauri wangu ndio utakukwama kooni?"

Nyamizi akageuka upande ili asionekane anacheka.

"Haya, sema," Mashauri akasema.

"Umeshawahi kuona nikiita wanangu wasije?"

"Sijawahi."

"Basi tazama." Kuku akaita, ko ko ko. Vifaranga vikaja mbio, vikakuta mchwa. "Neno langu ni moja, leo na kesho. Nikiita, kuna kitu. Na anayekuja simpigi, hata akichelewa. Wewe je? Mbwa wako leo ana jina hili, kesho lile. Siku aliyokuja, ulimchapa. Sasa amejifunza nini? Amejifunza kwamba kuja kwako kunauma."

Mashauri akamgeukia mbwa. "Na wewe, mbona hukuitika?"

"Nilidhani unaongea na jirani," mbwa akasema. "Na yeye huwa anaitika."

Hapo Nyamizi alicheka wazi. "Baba watoto, mtafutie jina lisilomsema mtu. Mimi nikiwa jikoni namwita Njuga, kwa sababu akitembea anarukaruka kama aliyevaa njuga miguuni."

"Jina hilo halina maana yoyote kwa Kabula," Mashauri akalalamika.

"Ndiyo uzuri wake," akasema Kuku.

Basi Kuku akawafundisha. Kwanza, wote wawili waite jina lile lile. Pili, wachuchumae na kufungua mikono, waanze karibu, hatua chache tu, na mbwa akija apewe kitu pale pale, si baadaye. Tatu, wafanye kidogo kidogo na kuacha mbwa angali anafurahi.

Mashauri akaanza. Akamwita Njuga kutoka karibu, akampa ukoko. Akamwita kutoka kwenye banda, akampa ukoko. Njuga akaja anarukaruka. Kisha Mashauri, kwa kuwa alikuwa Mashauri, akaanza kumhutubia juu ya wajibu wa mbwa tangu mababu. Njuga akapiga miayo.

"Amechoka," Kuku akasema.

"Nilikuwa nafika kwenye sehemu nzuri."

"Amechoka, bwana."

Siku zikaenda. Njuga akaitika kutoka uani, akaitika kutoka bustanini. Lakini mbuzi wa Kabula nao wakarudi kwenye kunde. Mashauri akasimama karibu na uzio, akavuta pumzi, jina jipya liko tayari mdomoni. Nyamizi akaja mbio akamziba kinywa kwa mkono wenye unga.

"Kama una neno na Kabula, mlango wake unaujua," akamwambia.

Mashauri akafuta unga, akaondoka kwenye uzio. Kwenda mlangoni hakwenda.

Ikafika siku ya mwezi mwandamo. Mchana wake, Mashauri alikuwa shambani na Njuga alikuwa malishoni na mbuzi. Fisi akateremka kilimani na mfupa mdomoni. Akauangusha mbele ya Njuga.

"Mjukuu wangu," akasema, "pale kwenu leo ndiyo mwisho. Nilisikia kwa masikio yangu. Twende kwangu, kuna mifupa mpaka mlangoni."

Njuga akanusa mfupa. Fisi akausogeza nyuma kidogo. Njuga akaufuata. Fisi akausogeza tena. Hivyo hivyo, mpaka wakawa wanapanda kilima.

Mashauri akainua kichwa akawaona. Jembe likamponyoka. Kukimbia akakimbia, lakini alijua hawezi kuwahi, na katika hofu ile mdomo ukarudia uliyoyazoea.

"Tumewazoea!"

Njuga hakugeuka. Kabula akatoka ndani, mikono kiunoni.

"Rudisha Jembe!"

Njuga hakugeuka. "Shemeji, jembe nililirudisha zamani," akasema Kabula. "Una nini leo?"

Fisi alikuwa ameshafika kwenye jiwe.

Mashauri akasimama. Akachuchumaa pale pale kwenye majani, kama alivyofundishwa, akafungua mikono, akaita kwa sauti ile ya kila siku, sauti ya ukoko.

"Njuga. Njuga, njoo."

Sikio lililosimama likageuka. Kisha, nasema kweli, hata lile lililolala likanyanyuka. Njuga akautazama mfupa, akamtazama Mashauri, akauacha mfupa akateremka mbio. Fisi akaruka amkamate mkia, akakamata hewa. Na Kabula, aliyekuwa sasa ameelewa, akaokota jembe la Mashauri akamkimbiza Fisi mpaka ng'ambo ya kilima.

Njuga akafika anahema. Alikuwa amechelewa, alikuwa amewaacha mbuzi, alikuwa amefuata mgeni. Mkono wa Mashauri ukashuka kwenye ndara kwa mazoea. Njuga akauona, masikio yote mawili yakalala.

Mkono ukaiacha ndara. Ukaingia mfukoni, ukatoka na kipande cha ukoko.

"Umekuja," Mashauri akasema. "Umefanya vizuri kuja."

Usiku ule mwezi ukaandama, mwembamba kama ukucha. Njuga alikuwa amelala mlangoni, na kifaranga kimoja kilikuwa juu ya mgongo wake.

Hadithi hii inatufundisha kwamba ukitaka mbwa akusikie, mpe jina lake mwenyewe, mwite kwa upole, na akija afurahi kuwa amekuja. Na ukiwa na neno na jirani, nenda ukamwambie jirani.

Hadithi imetoka mlangoni.

Aliye karibu na mlango aufunge.

Na jembe je?

Jembe Kabula aliliazima tena msimu uliofuata, akakaa nalo. Mashauri alivaa ndara zake, akaenda kubisha hodi.