Asali Juu ya Mdomo wa Ndama

Zamani zile za kale, asubuhi ya Jumatano, siku ya nane tangu mvua za vuli zianze, saa mbili na robo kwa kipimo cha kivuli, Kindi alimsikia jirani yake Mbogo akifoka uani.

"Sema tena! Rukiri!"

"Yukiyi," akajibu ndama wake.

"Ru!"

"Yu..." Machozi yakamlengalenga ndama.

Sikilizeni, wajukuu: shida ilikuwa kubwa. Mwezi ukiandama, kundi lingevuka mto. Na kwa desturi, Kiboko, mlinzi wa kivuko, hakumpisha ndama asiyeweza kutamka jina lake mwenyewe kwa ukamilifu. Aliyeshindwa alibaki upande wa ukame na shangazi wazee hadi mvua nyingine.

"Jirani, mwache acheze kidogo," Kindi akasema.

"Acheze? Mchezo ni kazi ya wavivu wa mitini kama wewe!"

Kindi akatikisa mkia. "Basi sikumjia mtoto, Bwana Mbogo, nimekujia wewe. Kule juu wanasema pumzi zimekuishia. Eti huwezi kupuliza unyoya ukatambaa mkekani toka mwanzo hadi mwisho!"

"Mimi? Lete unyoya!"

Fuuuu! Unyoya ukaruka juu ya paa, ukapotea.

Ndama akaangua kicheko. Akapuliza wake taratibu, pu, pu, pu, hadi ukingoni.

"Loo! Baba mzima kashindwa na mwanawe!"

"Tutarudia kesho!" akanguruma Mbogo.

Kesho yake Kindi akaja na asali, akawapaka wote wawili juu ya mdomo. "Lambeni, bila kwato!" Mbogo akalamba mara moja, lap! Ulimi wa ndama ukapanda polepole, ukitetemeka. Mbogo alivyofurahia ushindi, akadai shindano hilo lirudiwe kila siku!

Mwishowe wakashindana kuiga jiwe la kusagia.

"Rrrrr!" akavuma baba.

"Yyyy... drrr..." akajaribu mwana, asubuhi baada ya asubuhi.

Mwezi ukaandama. Kivukoni, Kiboko akauliza, "Nani wewe?"

Ndama akainua ulimi kama anayelamba asali.

"Rrrukiri, mwana wa Mbogo!"

"Pita, mjukuu wangu."

Mbogo akamgeukia Kindi, aliyekuja kuwasindikiza. "Wewe! Umemfundisha lini?"

"Kila asubuhi, mbele ya macho yako. Ningeyaita masomo, ungemfokea. Nikayaita mashindano, ukamwita mkekani mwenyewe."

Mbogo akacheka hadi pembe zikatikisika, kisha akaziinamisha kwa heshima mbele ya mnyama asiyefika hata kwenye kwato zake.

Ulimi wa mtoto hufunguliwa na mchezo, si makaripio.

Wako wanaosimulia kuwa asali ile ilitiwa dawa. Si kweli, ilikuwa asali tu. Wengine hudai kazi ilikwisha kwa siku tatu. Hapana, zilikuwa ishirini na moja. Na wanaosema kuwa Mbogo hakucheza tena baada ya hapo, hao hawajapita karibu na ua wake asubuhi, wakasikia "rrrrr" mbili, moja nyembamba, na nyingine ikitikisa paa.