Ngoma Iliyofungwa Kamba

Hapo zamani, katika mji ambao mtu hakuruhusiwa kuwasha jiko mpaka ngoma ya alfajiri ya Sultani ilie, alikuwako fukara mmoja, Mbwarali, asiye na kitu ila mdomo wake. Na Sultani mwenyewe, Mwinyigogo, alikuwa amejifunza neno kwa mwanachuoni mgeni: tokeo, yaani jambo liletwalo na chanzo chake. Loo, lilimnogea! Akalifanya jina, akalifanya na sifa. Mvua ikawa tokeo, matope yakawa matope tokeo, na mawaziri wakitikisa vichwa kama wameelewa.

Basi siku moja harufu ya vitumbua vya Bi Mwanasiti, mjane jirani yake Mbwarali, ikafika ikuluni. Sultani akaagiza sinia, akala, akaongeza, hata tumbo likamsokota. Akamwita mjane.

"Hili ni tumbo tokeo!" akafoka. "Chanzo chake vitumbua vyako, na mwenye chanzo ndiye abebaye tokeo. Kesho jiko lako litavunjwa."

Bi Mwanasiti akarudi akilia, maana jiko hilo ndilo lililowalisha wanawe. Mbwarali roho ikamuuma, kwani yeye naye alizoea kula kwa mjane huyo bila kusimangwa.

"Nyamaza, dada yangu," akamwambia. "Niachie mimi huyo bwana."

Kulipokucha, Mbwarali akaingia barazani jasho likimtiririka, akiiburuta ngoma kuu kutoka langoni, kaifunga kamba kama mwizi wa kuku.

"Mwendawazimu we!" Sultani akapiga kelele. "Ngoma yangu imekosa nini?"

"Mola akuweke, bwana wangu. Nimekuletea mkosaji. Tumbo lako ni tokeo la vitumbua, na vitumbua ni tokeo la moto. Na moto, kwa amri yako, hauwashwi mpaka huyu alie. Avunjwe yeye kwanza, ndipo tuende kwenye jiko."

"Mpumbavu! Ngoma hailii yenyewe. Hupigwa kwa amri ya..."

Mawaziri wakatazama vidole vya miguu yao. Mbwarali akainama, akaifungua ngoma taratibu, akasimama na kamba mkononi.

"Basi, bwana wangu," akauliza kwa adabu, "sasa nimfunge nani?"

Sultani akamkodolea macho, kisha akaangua kicheko, huku kalishika tumbo linalomuuma.

"Jiko la mama huyo lisiguswe! Ulafi ni wangu, na tumbo ni langu. Tena apelekewe mzigo wa kuni kutoka ghalani kwangu, na wewe, mjuzi wa vyanzo, ndiwe utakayeubeba."

Mbwarali akaubeba, akiguna njia nzima na kucheka.