Siwema na Bomba la Sokoni

Paukwa!

Pakawa!

Mtungi!

Wa maji!

Na mwenye kiu?

Asogee asikie!

Zamani za kale, kale ile wanyama walipokuwa na mji wao, na mji ukawa na bomba lake, aliishi Digidigi mmoja jina lake Siwema. Mdogo, miguu kama vijiti, pua ndefu isiyotulia. Alikuwa mjane. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Tunu.

Mumewe alichukuliwa na Mamba. Siku zile mji mzima ulikunywa mtoni, na mtoni Mamba alikuwa akingoja. Unainama kunywa, chubwi, umekwenda. Hapakuwa na nyumba isiyo na mtu wake aliyekwenda mtoni asirudi.

Wanyama wakasema, basi, imetosha. Wakapanda kilimani penye chemchemi, wakajenga tangi la mawe. Wakaunganisha mianzi, mwanzi kwa mwanzi, kutoka kilimani mpaka sokoni. Kiboko alisukuma mawe makubwa, na kwa hayo wakamfanya mwenyekiti wao. Siwema alibeba madogo. Ana mimba, anabeba. Anamlilia mume, anabeba.

Siku maji yalipofika sokoni, chururu, chururu, walicheza mpaka vumbi likawa tope. Siwema aliweka mdomo chini ya bomba akanywa taratibu, macho ameyafumba. Tangu azaliwe hakuwahi kunywa maji akiwa amefumba macho.

Basi wakakaa. Tunu akazaliwa, akaachishwa ziwa, akaanza kunywa maji ya bomba. Ikaja masika moja, masika ya mvua kubwa. Asubuhi Siwema akaenda kuteka. Akanusa, fyu. Akanusa tena, fyu fyu. Maji yalikuwa meupe, yanang'aa, lakini ndani yake palikuwa na harufu ya choo.

Akaenda kwa Fisi-maji, aliyekuwa fundi wa bomba. Fundi akamvuta kando ya njia. Akamweleza kwamba Ngiri walihamia kilimani mwaka ule, wakachimba choo chao juu ya njia ya bomba. Mvua ikafumua udongo, mwanzi ukapasuka mle mle shimoni. Alikwisha kumwambia Kiboko, na Kiboko akamjibu wangoje kiangazi.

"Lakini Mama Tunu," Fundi akasema, "usinitaje. Nitafukuzwa kazi."

Siwema akarudi nyumbani, akamkataza Tunu maji ya bomba. Akawa anamkingia ya mvua kwenye jani la mgomba. Mvua ikanyesha, mvua ikakatika. Jani likakauka. Na mjini watoto wa Sungura walikwisha kuanza kuharisha, na watoto wa Kicheche, na wa Kuchakulo.

Siwema akaitisha baraza. Hakuwahi kusema barazani. Akasimama, akawaambia maji yananuka. Akaomba bomba lifungwe, Ngiri wahamishe choo, mwanzi uzibwe. Kwa siku hizo chache wateremke mtoni pamoja, na Kiboko asimame majini amzuie Mamba asisogee.

Kiboko hakukasirika. Akauliza kwa upole, ni nani pale aliyewahi kufiwa mtoni. Wote wakainua mikono, hata Siwema.

"Na ni nani anayetaka kurudi?"

Mikono ikashuka, mmoja mmoja.

Siwema akamgeukia Fisi-maji. "Fundi, waambie unachokijua."

Fundi akatazama mkia wake. "Mimi sijaona kitu," akasema.

Ndipo Kiboko akaagiza aletewe ndoo ya maji ya bomba. Akainua, akanywa mbele ya wote, gubu gubu gubu, mpaka tone la mwisho. Akakaa pale pale mpaka jua likapinduka, hakuumwa hata kidogo. Wala hakuwa akiwadanganya. Aliamini. Tumbo lake lilikuwa kubwa kama nyumba, angeyajuaje matumbo ya wengine?

Wanyama wakacheka kwa kufarijika, wakatawanyika. Wengine walimpitia Siwema wakamwambia, pole mama, ni uchungu wa mumeo huo.

Akaenda nyumbani akiwaza. Labda kweli. Labda ni pua yangu. Wote hawa wakosee, nipatie mimi peke yangu?

Tunu akamjia mlangoni. "Mama, nina kiu."

Siwema akautazama mtungi wenye maji ya bomba. Akanusa. Harufu ilikuwapo. Akajiambia haipo.

"Kunywa, mwanangu."

Mtoto akanywa, akaomba tena, akapewa tena.

Usiku tumbo likamshika. Kulipokucha hakuweza kusimama. Kila kilichoingia kilitoka. Macho yakazama, ulimi ukakauka, na kila alipofumbua kinywa alikuwa akiomba maji, na maji yalikuwa yale yale. Jua lilipotua, Tunu hakuomba tena.

Wakamzika. Mji mzima ulikuja, maana wanyama wale hawakuwa na roho mbaya. Kiboko mwenyewe alisimama kaburini, akalia machozi ya kweli. Fisi-maji akaja wa mwisho, akakaa karibu na Siwema.

"Nilitaka kusema," akamwambia.

"Ulijua," Siwema akajibu. Hakumwambia neno jingine maisha yake yote.

Matanga yakawekwa. Majirani wakateka maji ya kuwapa waliokuja kuhani msiba, wakayateka bombani. Mama Sungura, ambaye watoto wake wawili walikuwa wamelala hoi nyumbani, akamletea Siwema kibuyu kilichojaa. Akamsihi anywe walau funda moja, kulia kunakausha mwili.

Siwema akakitazama kibuyu. Akakiweka chini polepole, asimwage, asimwaibishe mwenzake. Akainuka, akatoka katikati ya waliohani, akashika njia ya nyikani kwenye miiba, kusiko mto wala bomba. Kiu ilipomshinda alilamba umande kwenye majani. Akatafuna majani yenyewe.

Mjini, wadogo waliendelea kupungua. Wakubwa waliumwa matumbo, wakapona, wakasema ni mvua. Kiangazi kikaja, harufu ikafifia, hakuna aliyekumbuka kuziba mwanzi. Masika ikarudi.

Ndiyo maana mpaka leo digidigi hateremki mtoni, wala humwoni penye maji pamoja na wenzake. Anaishi kwa umande na majani. Ukimwona nyikani, pua yake haitulii.

Funzo lake ni hili, wakubwa na wadogo lisikieni. Tumbo la mkubwa si kipimo cha maji ya mdogo. Na anayejua akanyamaza, naye amemnywesha mtoto sumu.

Hadithi yangu imekaukia hapo.