Sange, Kiboko na Chale ya Yungiyungi

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa wakiteka maji kwa ndoo na kuazimana chumvi kama sisi, kando ya bwawa aliishi fundi mmoja wa kike aliyeitwa Sange. Mnamjua sange? Ni mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza, na miguu yake haijui kutembea. Inajua kukimbia tu.

Kazi yake ilikuwa kuchora chale. Alichukua mwiba wa nungunungu, akauchemsha chunguni, kisha akatoboa ngozi kidogo kidogo, ti! ti! ti!, huku akitia wino wa masizi. Mchoro ukishaingia hautoki tena. Siku hizi watu huuita tatuu. Na kila mteja alikuwa na mwiba wake mpya. Akimaliza, Sange aliutupa motoni. Katika hilo hakuwa na mzaha.

Lakini siku zile Sange alikuwa hana raha. Si muda mrefu uliopita alikuwa amemchora Nyati nyota begani. Alimwambia, "Usigaagae matopeni mpaka upone." Nyati akajibu, "Sawa, sawa," na jioni ile ile, pwaa! akajitupa matopeni. Bega likavimba, likatoa usaha, na nyota ikafanana na muhogo uliooza.

Nyati aliona haya kukiri kwamba kosa ni lake. Akaja mlangoni kwa Sange akipumua, fwuu! fwuu!

"Wewe kipua! Umeniharibia ngozi!"

"Kaka Nyati, siku ile ulilala wapi?"

"Usiniulize nililala wapi! Nikisikia tena ngozi ya mtu imeharibika mikononi mwako, nyumba hii naikanyaga. Utahama na vyungu vyako!"

Asubuhi moja nyumba ya Sange ikatikisika. Vikombe vikagongana, kengele-kengele!

"Hodi!"

"Karibu, kaka Kiboko! Lakini zungumza hapo hapo nje. Mlango wangu haukuwezi."

Kiboko akakaa chini, pu! Akainamisha macho. "Fundi, nataka chale ya yungiyungi."

"Lile ua la majini?"

"Ndilo. Mama yangu alilipenda. Kila asubuhi alikuwa akichuma moja, ananiwekea kichwani kabla sijaamka. Tangu alipofariki, wakati wa ukame mkubwa, naamka kichwa kitupu."

Pua ya Sange ikaacha kucheza. "Pole sana, kaka. Umelifikiria jambo hili kwa muda gani?"

"Tangu masika ya mwaka juzi."

"Nauliza kwa sababu haifutiki. Ukichoka nayo kesho, utakuwa nayo keshokutwa."

"Siwezi kumchoka mama."

Sange akalitazama bwawa, akamkumbuka Nyati. Chale mbichi ni kidonda, na maji ya bwawa yamejaa tope na uchafu. Kiboko ataweza kutengana na maji? Alitaka kusema hapana. Akayatazama tena macho ya Kiboko, akashindwa.

"Unataka tuchore wapi?"

"Begani."

"Bega lako linashinda majini. Tuchore kwenye paji la uso. Hapo unaweza kupaacha juu ya maji. Ila kwa siku kumi na nne, hakuna kupiga mbizi."

"Kumi na nne tu? Fundi, huoni nilivyo mkubwa?"

"Ukubwa hauna kazi hapa. Umekula?"

"Majani, magunia mawili."

"Vizuri. Mwenye njaa huzimia mapema."

Sange akapanda kwenye paji la uso wa Kiboko, akainama.

"Uwiii! Nakufa!" Kiboko akapiga kelele.

"Tulia, kaka. Hiyo ni pua yangu. Mwiba bado."

Ti! ti! ti! Kazi ilianza kifungua kinywa kikiwa bado tumboni, ikaisha jua likielekea kuzama. Kiboko alilia mara mbili, akacheka mara moja. Sange akampangusa.

"Nisikilize sasa. Asubuhi na jioni, osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Usisugue, gusagusa kwa kitambaa safi mpaka pakauke. Halafu mafuta, tone dogo tu. Hukaangi samaki. Usipaanike juani. Na pakiwasha, usikune."

"Patawasha?"

"Sana. Ngozi inayopona huwasha. Lakini pakiwa pa moto, pakavimba au pakatoa usaha, niambie siku hiyo hiyo twende kwa mganga. Usifiche."

"Sawa, sawa," akasema Kiboko.

Maneno hayo Sange alikuwa ameyasikia kabla.

Siku ya kwanza Kiboko alitulia. Siku ya pili alianza kupumua kwa nguvu. Siku ya tatu Sange alipofika bwawani na kitambaa chake, alimkuta Kiboko amekaribia shina la mti, amefumba macho, anataka kujikuna.

"Kaka Kiboko!"

"Kidogo tu, fundi! Panawasha kama siafu! Au nizame mara moja tu, kichwa kipoe."

"Hapana!"

"Mara moja haidhuru."

Ng'ambo ya bwawa Nyati alikuwa amesimama, anatafuna majani na kutabasamu. Sange akaelewa. Kiboko akizama, kidonda kitaharibika. Kidonda kikiharibika, nyumba haipo.

"Ningoje kidogo tu, kaka!" akasema, akatimua mbio, prrr! mpaka jikoni kwake. Akachukua kapu. Ndani akatia nini, wanangu? Viazi vitamu viwili! Akavifunga nguo kila kimoja, akavilaza vizuri, akarudi analia.

"Kaka Kiboko, nisaidie! Nyati amesema ataikanyaga nyumba yangu. Hawa wanangu wachanga nitawaweka wapi? Nyati anafika kila mahali, isipokuwa kichwani kwako!"

Hayo ya Nyati yalikuwa kweli. Ya watoto, mnajua wenyewe.

Kiboko akasahau kuwashwa. "Watoto? Walete haraka! Ni wangapi?"

"Wawili. Macho hayajafunguka, kwa hiyo usiwafunue."

"Nitawafunuaje, na mimi kichwa changu sikioni?"

Sange akaliweka kapu kisogoni kwa Kiboko, akalifunga kamba kwenye masikio mawili. Juu yake akainamisha jani la mgomba, likatia kivuli mpaka kwenye paji la uso.

"Jua lisiwachome watoto," akasema. "Na usizame, hawajui kuogelea."

"Nizame nina watoto? Mimi nina wazimu?"

"Na usijikune kwenye mti, wataanguka. Mimi nitakuja asubuhi na jioni kukuosha uso kwa maji safi, wasinuse tope."

"Njoo, dada. Watoto hawapendi harufu mbaya."

Basi Kiboko akaingia majini taratibu, maji yakamfika shingoni, akasimama pale. Kichwa kilibaki juu kama meza. Walipopita ndege akawaambia, "Shh!" Vyura walipopiga kelele akawaambia, "Nyie, hamna adabu? Kuna watoto!" Na jua lilipokuwa kali akaimba kwa sauti nzito:

*Lala, mdogo, lala,*
*maji yako shingoni mwangu,*
*kwako hayafiki, lala.*

"Mbona hawalii?" akamuuliza Sange siku ya sita.

"Watoto wa ukoo wetu ni wapole."

"Na wazito!"

"Wananyonya vizuri."

Sange akapangusa, akagusagusa, akapaka tone la mafuta. Magamba madogo meusi yalikuwa yameanza kushikana juu ya mchoro. Hakuyabandua. Kiboko aliwashwa mpaka masikio yakatetemeka, lakini hakujikuna. Kila alipotaka kutikisa kichwa, alikumbuka kapu, akauma meno.

Siku ya tisa, Nyati hakuvumilia tena. Akaja mpaka ukingoni, karibu kabisa.

"Hee, Kiboko! Siku hizi umekuwa chanja ya vyombo?"

"Punguza sauti, Nyati. Kuna watoto."

"Watoto gani? Zama bwana! Mwanamume mzima unaogopa maji uliyozaliwa ndani yake?"

"Siogopi. Nimekabidhiwa."

"Umekabidhiwa na yule kipua? Hebu nione!"

Nyati akanyoosha shingo, akaingiza pembe kwenye kapu. Kamba moja ikakatika, pa! Kapu likainama. Kifurushi kimoja kikabingirika juu ya sikio la Kiboko, kikaanguka majini. Chubwi!

"Mtoto!" akapiga kelele Kiboko. "Mtoto anazama!"

Akavuta pumzi kubwa, hoooo! Akainamisha kichwa. Pua ikagusa maji. Midomo ikagusa maji.

Wakati huo huo Sange alikuwa anakuja na chungu chake cha maji safi. Akakitupa, akakimbia, akapiga kelele kwa nguvu zake zote:

"Usizame, kaka! Ni kiazi! Ni kiazi!"

Kiboko akaganda. Maji yalikuwa yamebakiza upana wa kidole kufika kwenye chale. Akainua kichwa polepole.

"Kiazi?"

"Kiazi kitamu, kaka."

"Na huyu mwingine?"

"Naye kiazi."

Nyati akacheka mpaka akakaa chini. "Ha! ha! ha! Anabembeleza viazi! Baba viazi!"

Kiboko hakucheka. Machozi yakamjaa. "Siku saba, dada Sange. Siku saba nimeviimbia. Kwa nini umenifanyia hivi?"

Sange akasimama mbele yake, mdogo, pua yake inatetemeka.

"Nilikuwa naihofia nyumba yangu, kaka. Hilo sitakuficha. Lakini pia nilikuwa nalihofia ua la mama yako. Siku ya tatu ulitaka kuzama. Kwa ajili yako mwenyewe ulishindwa hata siku tatu. Kwa ajili ya watoto wa mwenzako umeweza saba. Nilikudanganya. Nisamehe."

Nyati akaacha kucheka, akainuka.

"Basi zama!" akasema Nyati. "Unangoja nini sasa? Hakuna mtoto!"

Kiboko akayatazama maji. Yalikuwa baridi, na paji la uso lilikuwa linawasha kupita siku zote.

"Zimebaki siku ngapi, fundi?"

"Tano."

Kiboko akapumua. "Nifungie kapu vizuri," akasema. "Na huyo aliyebaki mfunike, jua ni kali."

Nyati akaenda zake.

Siku ya kumi na nne, magamba yote yalikuwa yamedondoka yenyewe. Sange akampangusa Kiboko kwa mara ya mwisho, akarudi nyuma kuangalia. Yungiyungi lilikuwa limekolea, kila jani la ua mahali pake.

"Sasa nenda," akasema.

Chubwiiii! Kiboko akazama mpaka chini kabisa. Alipoibuka, hakuinua kichwa chote. Alitoa paji la uso tu. Ukiwa mbali ungeapa ni ua la kweli linaloelea bwawani.

Nyati naye alikuwa ukingoni, anaangalia. Safari hii hakupumua kwa hasira. Akamsogelea Sange, akasema kwa sauti ndogo, "Fundi, mimi ndiye niliyegaagaa matopeni. Nyota yangu inaweza kutengenezwa?"

"Bega lipone kwanza kabisa, kaka Nyati, ndipo tutazungumza."

"Na nyumba yako sitaigusa."

"Ahsante."

Hadithi yangu imefika ukingoni, wanangu, na funzo lake ni hili: utunze mwili wako kama unavyomtunza mtoto wa jirani aliyewekwa mikononi mwako.