Kivuli Kimoja, Nyayo za Watu Watatu

Hapo zamani, na msinikatize, si zamani ile ya mikuki. Ni zamani ya juzijuzi, Kariakoo ina maghorofa na lifti mbovu. Mliosikia kisa cha kwanza mnamjua Sikuzani, fundi cherehani. Zimwi mla vivuli lilimla mama yake kivuli, na mtu asiye na kivuli haioni siku ya nne. Sikuzani akalichoma kwa mkasi wa marehemu, likatoroka na jeraha lake. Akaapa atalimaliza.

Mwaka wa saba, wapangaji wa ghorofa lao wakaanza kufa tena, mmoja mmoja, wote hawana vivuli. Zimwi limerudi, limevaa sura ya mtu, ila kivuli lenyewe halina. Mtu yupi sasa? Sikuzani akamshuku kila mtu. Aliyekuja kupimwa suruali alichunguliwa nyayo. Aliyemsalimia sana, alimshuku. Asiyemsalimia, ndiyo kabisa.

Siku moja akili ikamtuma: saa sita mchana jua liko utosini, vivuli vinajificha chini ya miguu. Asiye na kivuli atatoka saa hiyo tu, asigundulike. Na nani hutoka saa hiyo tu? Mzee Kondo, mlinzi! Kutwa yumo kibandani, saa sita huyoo, anakwenda kula wali. Sikuzani akamwita juu amsaidie mzigo, akamsukumia kwenye stoo ya juu ya paa, akapiga kufuli.

"Mwanangu, mimi ni mtu!" Kondo akalia.

"Hata lile lilisema hivyo. Jua likipinda nitakuja kukitazama kivuli chako." Akashuka kufuata mkasi.

Maskini Kondo! Zimwi lilikuwa Tindo, mpangaji wa Bi Mashavu mpika chapati, yule mpole wa kusema ahsante mpaka inakera. Likasikia kuna mtu kafungiwa, hana pa kukimbilia. Alasiri likapanda, likatia mdomo kidirishani, likamnyonya kivuli. Kondo akapiga ukelele mtaa mzima ukasikia: "Ni Tindo! Mpangaji wa Mashavu!"

Likashuka ngazi mbio. Bi Mashavu alikuwa anapandisha beseni la unga. Akalitupa, akaling'ang'ania zimwi miguu. Likamnyonya kivuli, hakuachia. Sikuzani akafika, akauzamisha mkasi tumboni. Zimwi likavuta pumzi ya mwisho, na kivuli cha Sikuzani kikaenda nayo.

Tumbo likapasuka. Vivuli vyote vikatoka kama moshi, vikapotea, isipokuwa kimoja, kikaanguka sakafuni kama kanga iliyolowa. Kivuli hushoneka kwenye nyayo za mtu yeyote, ila mara moja tu, na kabla jua halijazama. Na fundi hapo alikuwa mmoja.

Sikuzani akamfungulia Kondo. Kondo akateremka, akamfokea:

"Kosa langu mimi ni kula wali saa sita? Ulinifungia wewe. Nikifa umeniua wewe, si zimwi. Na jina lake nani kalitaja?"

"Nisingelishika miguu, saa hizi lingekuwa Kigoma," akasema Mashavu. "Na mjukuu wangu hana mtu mwingine duniani."

"Bi Mashavu, ulijua mpangaji wako hana kivuli?" Sikuzani akauliza.

Mashavu akautazama unga uliomwagika. "Nilijua. Tangu Ramadhani. Aliniambia nikifumbua mdomo atamla mjukuu wangu. Wewe ungefanyaje?"

Sikuzani akakitazama kile kivuli. Kimeinama upande wa kushoto, mguu mmoja mbele, kama mtu anayekanyaga cherehani. Machozi yakamtoka.

"Hiki cha mama yangu. Nimekitafuta miaka saba. Na zimwi nimeliua mimi."

"Loo! Mbona hukusema mapema?" Kondo akadakia. "Tumekiomba sisi, ndipo kikawa cha mama yako? Saa sita ulikuwa na hakika vilevile, ukanipigia kufuli."

Sikuzani akakitazama tena kivuli. Nawaambieni kweli, safari hii alijishuku mwenyewe.

Jua limeshagusa paa la jengo la mbele. Uzi umetungwa, sindano iko mkononi mwa Sikuzani, na watatu wote wamevua viatu. Msiinamishe vichwa, nawaona! Kuna Kondo aliyeonewa, Mashavu aliyenyamaza kisha akashika, na Sikuzani aliyefunga kisha akaua. Je, nani alistahili kushonewa kivuli kile?