Ushahidi wa Bibi Timareta

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika nchi ya Wayunani, zama ambazo hapakuwa bado na miji bali vijiji vilivyotawanyika milimani na mabondeni, alikuwapo mjane mchamungu aitwaye Timareta. Watu wake waliabudu masanamu. Yeye alimwelekea Muumba wa mbingu na ardhi peke yake, na hakuna aliyepata kumsikia akisema uongo.

Kijiji chake kilikuwa mlimani, na chini yake, kando ya mto uliokauka kila kiangazi, palikuwa na kijiji kingine. Maharamia walipozidi kuwashambulia, wazee wa pande zote mbili waliazimia wawe mji mmoja, wenye ukuta mmoja na baraza moja. Wakafurahi mno, kisha wakakwama kwenye kisima kilichokuwa baina yao. Kila upande ulidai ni chake, na hapana aliyekubali kuingia mjini akiwa mwombaji wa maji ya mwenziwe.

Mwishowe wakaafikiana kumwuliza Timareta, kwa kuwa ndiye pekee aliyesalia miongoni mwa waliokuwapo kilipochimbwa.

Kaka yake mdogo, Likofroni, aliyezaliwa baada ya kisima kuchimbwa, akamwendea faraghani.

"Dada yangu, sema ni chetu. Wajukuu wako watakunywa nini?"

Timareta akawafikiria wajukuu, na moyo ukamwuma. Akasema, "Aliyewaruzuku jana hatashindwa kesho. Mimi nitasimama mbele Yake na neno hili, kaka. Niache niliseme lilivyo."

Asubuhi akasimama mbele ya kadamnasi.

"Kisima walikichimba watu wa mtoni. Baba yangu aliwaomba ruhusa anyweshe kondoo wake, nao wakampa. Nilikuwa nimemshika mkono."

Watu wa mlimani wakainamisha vichwa. Likofroni akageuza uso. Ndipo akainuka Arkesila, mkubwa wa watu wa mtoni, machozi yakimlengalenga.

"Bibi, tulihofu kukaa nanyi ndani ya ukuta mmoja, tukidhani mtatudhulumu. Hofu hiyo umetuondolea. Tangu leo kisima si chetu wala si chenu. Ni cha mji."

Vigelegele vikapaa bondeni. Siku ile ile wakaanza kubeba mawe ya ukuta, wa mlimani na wa mtoni bega kwa bega, wakiimba. Likofroni akateka maji, akamletea dada yake kwa mikono miwili.

"Niwie radhi."

Timareta akacheka, akanywa, akampa naye anywe.

Ndugu zangu, mji ule ulianza kusimama kabla ya jiwe la kwanza, pale jirani alipoliamini neno la jirani. Mola atujaalie kuisema kweli, hata inapowafaa wenzetu kuliko sisi.