Bunduki ya Mwisho Kwenye Rafu

Hii nimetumiwa na shemeji yangu, na sioni haki nikae nayo peke yangu. Isome mpaka chini, haitachukua hata muda wa chai kupoa.

Kijiji kimoja kilisumbuliwa na nyati. Walikanyaga mahindi, wakavunja mazizi, na mwaka mmoja wakamuua Ngassa, mlinzi wa mashamba. Ngassa hakukosa shabaha. Bunduki ya kijiji ndiyo iliyokataa, mara ya kwanza na mara ya pili, na nyati hakumpa nafasi ya tatu.

Bunduki hiyo aliichagua mwenyekiti wa kijiji, Mzee Shigela, kwa sababu iling'aa.

Serikali ikatoa kibali kingine, cha bunduki moja tu, kutoka ghala la jeshi lililokuwa likiuza silaha zilizostaafu. Mlinzi mpya alikuwa Nyamizi, mjane wa Ngassa. Mumewe alimfundisha kulenga, na kwa miaka yote yeye ndiye aliyemsafishia silaha. Watu wakanong'ona, mwanamke na bunduki wapi na wapi. Nyamizi aliwasikia vizuri sana, akajifanya hajasikia.

"Atakayesimama mbele ya nyati ni mimi," alimwambia mwenyekiti. "Basi na atakayechagua ni mimi."

Walipofika ghalani walipokewa na Sajini Chiduo, mzee mwenye mguu mmoja mbovu na maneno machache. Akawaonyesha rafu ndefu ya bunduki fupi, zile ambazo askari walizibeba begani wakati wa doria.

"Chagueni moja," alisema. "Ikishatoka getini hairudi."

Mzee Shigela akaenda moja kwa moja kwenye ile ya mbele kabisa. "Hii hapa, mwanangu. Imepakwa vanishi mpaka unajiona uso."

"Hata ya Ngassa uliweza kujiona uso, baba."

Mzee akairudisha polepole, akaweka mikono mfukoni.

Nyamizi akaichukua yeye. Akafungua komeo, kile chuma cha nyuma kinachofunga risasi ndani, akaweka ukucha wa dole gumba pale nyuma ili unase mwanga wa dirisha, akachungulia ndani ya mtutu. Kutu ilikuwa imeutoboa vijishimo. Akaiweka. Ya pili ilikuwa safi ndani, lakini namba ya komeo haikulingana na namba ya mtutu, maana yake mtu alikuwa ameunganisha vipande vya bunduki mbili. Ya tatu, ya nne, ya kumi, zote alizikagua hivyo hivyo bila haraka. Sajini alitazama saa yake mara mbili.

Akafika mwisho wa rafu. Pale ilisimama bunduki moja yenye kitako kilichochunika na mkanda uliofumuka nyuzi.

"Hiyo hata kuchochea moto siichukui," mwenyekiti alinong'ona.

Namba zililingana. Mtutu ulikuwa safi. Nyamizi akageuza kitako, akafungua kijifuniko kidogo ambamo askari huweka vifaa vya kusafishia. Kwenye zile nyingine alikuta patupu. Humu akakuta kichupa cha mafuta kimejaa, na kitambaa kilichokunjwa mara nne, bado kinanuka mafuta.

Akakiinua kile kitambaa.

"Nimepata," alisema.

"Umepata nini, mwanangu? Kitambaa?"

"Baba, askari huyu alipokuwa anairudisha alijua hataishika tena. Kuisafisha kusingemfaa kitu. Lakini aliisafisha, akajaza mafuta, akakunja na kitambaa. Simjui ni nani, ila maisha yangu namkabidhi."

Sajini Chiduo alikuwa amevua kofia.

"Mama," alisema, "hiyo ilikuwa yangu."

Wakamgeukia wote wawili.

"Nimeibeba miaka kumi na moja. Mguu ulipovunjika nikaambiwa niirudishe, nikae hapa ghalani. Wenzangu walinicheka sana siku ile, eti nasafisha bunduki inayokwenda kufungiwa. Nikaiweka mwisho wa rafu. Wanunuzi huishia hapo mbele kwenye vanishi. Wewe ni wa kwanza kufungua hicho kijifuniko."

Kisha yule mzee akavaa tena kofia, akaunyoosha mguu wake mbovu, akasimama wima kama kijana wa gwaride, akampigia saluti mjane wa kijijini. Nyamizi hakujua saluti hujibiwaje. Akainamisha kichwa, na njia nzima ya kurudi nyumbani hakukubali mtu mwingine ambebee ile bunduki.

Mahindi yalipokomaa nyati walikuja. Dume la mbele likamjia Nyamizi mbio, kama lilivyomjia mumewe. Bunduki ililia mara moja, na dume likaanguka hatua sita kutoka miguuni pake.

Kwenye mkutano wa kijiji Mzee Shigela alisimama mwenyewe, hakusubiri kuulizwa. "Nilipochagua mimi tulizika," alisema. "Alipochagua Nyamizi tumevuna. Anayenong'ona anong'one sasa, tumsikie."

Hakunong'ona mtu. Nyamizi alikuwa amekaa mbele, kichwa juu, anasafisha mtutu. Alipomaliza alikunja kitambaa mara nne, akakirudisha mahali pake.

Funzo: Kazi yako ya siku ya mwisho, asipokuwepo wa kukukagua wala wa kukushukuru, ifanye vizuri kama ya siku ya kwanza, kwa kuwa kuna mtu usiyemjua ambaye maisha yake yataitegemea.